Posho Iliyotiwa Nazi

Jioni moja ya Ramadhani ya mwaka 2007, nikiwa likizoni nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, nilikwenda kufuturu kwa babu nikiwa na karatasi tatu mfukoni, nilizozichapisha mchana ule kwenye intaneti kafe. Nilikuwa nikisomea kompyuta chuoni, na sikuwa na ndoto nyingine isipokuwa kuajiriwa na Google, ambayo mwaka huohuo jarida la Fortune liliitaja kuwa kampuni bora kuliko zote za kufanyia kazi nchini Marekani.

Tulipomaliza tende na uji wa pilipili manga, na bibi alipokwisha kuandaa mihogo ya nazi na kachori, nikaanza kusimulia. Nilieleza kwamba mwaka 1999, kampuni ilipokuwa na wafanyakazi wapatao 40 tu, ilimwajiri mpishi wake, Charlie Ayers. Kwamba alipoondoka mwaka 2005 makao makuu ya Mountain View, California, yalikuwa na migahawa kadhaa. Na kwamba mfanyakazi hula asubuhi, mchana na jioni bila kutoa hata senti. Bibi alivutiwa na mpishi peke yake. Aliposikia kwamba alipewa na hisa, kisha hisa zikapanda thamani kampuni ilipoingia sokoni mwaka 2004, alisema kuwa katika habari yote ile huyo ndiye mwenye akili.

Babu hakucheka. Yeye aliletwa Tanga kutoka Kigoma mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuandikisha vibarua, akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa.

"Na jioni wanakula hukohuko?" aliuliza.

"Ndiyo, babu."

"Basi kwao wanarudi saa ngapi?"

Nilibaki nikimtazama. Akaeleza kwamba shambani walipimiwa posho ya unga, maharage na chumvi kila wiki, na kwamba wao, vijana waliokuja bila wake, waliiona kuwa neema, mpaka walipotambua kuwa asiyekwenda kutafuta chakula hana sababu ya kutoka kambini, na anayelala kambini haikosi kengele ya alfajiri.

"Hiyo ni posho, mjukuu wangu," alisema, "ila hiyo yenu imetiwa nazi."

Nilichukia, nikabisha kuliko adabu inavyoruhusu. Nilisema kwamba posho ya manamba ilikuwa sehemu ya ujira duni, ilhali hawa wanalipwa vizuri na anayetaka kuondoka huondoka. Na katika hilo hadi leo naona nilikuwa na haki. Ili nimshinde kabisa, nikafunua karatasi ya pili, palipokuwa na barua ambayo waanzilishi, Larry Page na Sergey Brin, waliwaandikia wanahisa mwaka 2004, nikaanza kuitafsiri kwa sauti: kwamba wafanyakazi wao wanapewa milo ya bure, madaktari na mashine za kufulia, kwa kuwa mambo hayo huwaokolea muda mwingi na kuongeza tija yao, na kwamba faida ya muda mrefu kwa kampuni imezingatiwa kwa uangalifu.

Sauti yangu ilikuwa imeshapungua kabla sijafika mwisho.

"Hapo pa muda," babu akasema, akinawa mikono, "hebu parudie."

Nikarudia. Adhana ya isha ikaanza, naye akaomba apewe kofia yake.