Kilo moja ya korosho kabla ya mizani ya dalali

Msimu wa korosho huku kwetu Lamu, yaani Witu, Hindi na Mpeketoni, huanza na mvua za vuli bado zipo, na pesa nyingi hupotea baina ya kuokota na mizani. Mkanju, yaani mkorosho wenyewe, unakuwa umeshafanya kazi yake.

Korosho huokotwa, haichumwi. Kanju, lile tunda linaloshika korosho, likiiva litaanguka lenyewe. Ukilivuta mtini, kokwa haijajaa, na ikikauka husinyaa ndani ya ganda. Kwa hiyo palilia na ufagie chini ya mti mapema, uokote kila siku au siku moja baada ya nyingine. Mvua ikinyesha, okota siku hiyo hiyo. Nyonga korosho itoke safi, maana kipande cha kanju kikibaki kitaoza na kuvutia ukungu.

Kisha uanike siku mbili au tatu kwenye sakafu ya saruji, jamvi au turubai, tabaka moja tu, huku ukigeuza. Jioni funika kwa sababu ya umande. Kaskazi ikishashika, kazi ni nyepesi. Ya kutosha ni ile ambayo ukiitikisa inalia na ukucha hauingii gandani. Tia kwenye gunia la katani, uliweke juu ya mbao. Tafadhali msitumie magunia ya nailoni ya mbolea: korosho hutoa jasho humo, na kokwa hugeuka rangi kabla hujapata mnunuzi.

Sasa kipimo, na hiki ndicho ningependa kila mkulima akijue. Chota korosho juu, kati na chini ya kila gunia, changanya, pima kilo moja. Zihesabu kwanza. Zikizidi sana 200, ni ndogo. Halafu pasua kila moja kwa urefu. Paka mikono mafuta ya nazi au jivu, au uvae glavu, kwani mafuta ya ganda huchubua ngozi vibaya. Tenga mafungu matatu: kokwa njema nyeupe, zenye madoa au zilizosinyaa kidogo, na mbovu kabisa. Pima fungu la kwanza pamoja na ngozi yake nyembamba, ongeza nusu ya uzito wa fungu la pili, la tatu litupe. Gramu ulizopata zidisha kwa 80, gawa kwa 453.6, ambazo ni gramu za ratili (pauni) moja. Gramu 270 zinakupa ratili 47 na ushei za kokwa kwa gunia la kilo 80.

Hesabu hiyo ndiyo inayotumika Kodivaa, nchi inayoongoza duniani kwa korosho ghafi. Katika miji ya wakulima kama Bondoukou, msimu hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka kwa serikali kutangaza bei ya chini kabisa ya shambani, na mnunuzi hupasua sampuli ndipo anapozungumzia malipo. Mvua za huko hushika kuelekea mwisho wa msimu, na ratili hushuka, na bei nayo hushuka. Sehemu kubwa ya mzigo huondoka na maganda yake kwenda Vietnam na India, kwa hiyo faida ya kubangua, yaani kutoa kokwa gandani, huvunwa kwingine.

Sisi Kenya tulikataza kuuza korosho ghafi nje mwaka 2009 ili kazi ya kubangua ibaki hapa. Nia hiyo naiunga mkono kabisa. Lakini wanunuzi wakiwa wachache, bei hupangwa kwa jicho: dalali anatumbukiza mkono guniani, anatikisa kichwa, anataja shilingi. Mkulima mwenye korosho kavu ya ratili 48 hulipwa sawa na aliyeuza ya mvua.

Mizani ndogo ya jikoni yatosha, na kisu kikali. Kupasua kilo moja ni kazi ya saa moja hivi. Ziandike gramu kwenye karatasi, uziweke mfukoni siku dalali anapokuja, na kokwa zenyewe uzibakishe sahanini azione.