Kurekebisha kebo ya akselereta kwenye mashine ya boti

Mashine ya boti inapokataa kutulia baada ya kishikio kurudishwa kwenye gia huru, wengi hukimbilia kabureta, lakini mimi huanza na kebo, kwa sababu kebo iliyofungwa vibaya huuacha mkono wa akselereta (kipande cha kwenye mashine kinachosogezwa na kebo) mbali kidogo na kizuio chake, yaani pale unapotakiwa kukomea, na mashine ikaendelea kunguruma juu hata kama kabureta ni nzima. Madhara hayaishii kwenye kelele, kwani gia ikiingizwa mizunguko ikiwa juu, meno ya klachi hugongana kwa kishindo na kingo zake hulika.

Toa ufunguo na uchomoe kamba ya usalama, kisha uanze na kebo ya gia. Nalisisitiza hilo: kishikio kimoja huendesha kebo zote mbili, na kimeundwa ili gia iingie sawasawa ndipo akselereta ifunguke, hivyo anayeanza na akselereta atalazimika kuirudia. Unapojaribu gia mashine ikiwa imezimwa, zungusha propela kwa mkono, usilazimishe kishikio.

Sasa njoo kwenye akselereta. Kishikio kikiwa kwenye gia huru, chomoa kebo, legeza nati ya kufungia, na usukume mkono wa akselereta kwa kidole mpaka uguse kizuio. Zungusha kichwa cha kebo, yaani kipande cha nchani kinachofungwa kwa uzi wa skrubu, kidogo kidogo hadi tundu lake lilingane na pini ya mkono huo, halafu ongeza kiasi kidogo ili kebo iubane mkono huo kwa wepesi. Mimi huupima mbano kwa karatasi nyembamba iliyowekwa kati ya mkono na kizuio: ikivutika kwa ukinzani mdogo bila kuchanika, kazi ni nzuri, ikitoka bila kushikwa popote, bado kuna nafasi, ikichanika, kebo imebana mno na kishikio kitakuwa kizito. Hakikisha pia kwamba uzi wa skrubu wa kutosha umeingia ndani ya kichwa, kwa kipimo cha kitabu cha mashine, la sivyo kinaweza kuchomoka ukiwa majini.

Kebo iliyo nzito hata baada ya kufunguliwa ncha zote mbili haina marekebisho; imeshika kutu ndani, ibadilishwe.

Baada ya kukaza nati, sukuma kishikio hadi mwisho uone kama akselereta inafunguka yote, kisha uwashe mashine ikiwa inapata maji ya kupoozea na uigeuze kushoto na kulia. Mngurumo ukipanda wakati wa kugeuza, kebo inavutwa mahali fulani, na njia yake ndiyo ya kupangwa upya.