Siku sudo ilipotukataa sote

Mwaka 2019 nilikuwa msaidizi katika kitengo cha TEHAMA cha chuo kimoja mkoani Iringa, na seva iliyotuumiza kichwa kuliko zote ilikuwa ile ya maktaba. Ilikuwa imesimikwa mfumo endeshi wa Ubuntu, toleo la 18.04, na ndani yake ilikaa Koha, programu ya orodha ya vitabu na uazimishaji. Watu watatu tu ndio tulioruhusiwa kuendesha amri kwa haki za msimamizi: mkuu wa kitengo, ambaye sote tulimwita Mama, mwenzangu mmoja aliyeajiriwa mwaka uleule, na mimi. Hakuna aliyekuwa na nywila ya root, akaunti kuu yenye mamlaka yote ya mfumo, kwa sababu haikuwepo. Ubuntu huiacha akaunti hiyo imefungwa tangu inaposimikwa, na anayetaka kufanya kazi ya msimamizi huitanguliza amri yake kwa neno sudo, kisha hutoa nywila yake mwenyewe.

Wapo mafundi wa zamani waliouona utaratibu huo kuwa usumbufu mtupu. Mimi niliupenda. Nywila moja ya root ikishikwa na watu watatu, faili likifutwa hakuna ajuaye aliyelifuta, lakini kwa sudo kila amri huandikwa pamoja na jina la aliyeitoa, saa, na folda aliyokuwamo. Programu yenyewe si ya jana: iliandikwa karibu na mwaka 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer katika chuo kikuu cha jimbo la New York kilichopo Buffalo, Marekani, enzi ambazo kompyuta moja ilitumiwa na idara nzima. Maamuzi yake hutegemea faili la /etc/sudoers, linaloeleza nani anaruhusiwa kuendesha amri gani, kwenye mashine ipi, na kwa niaba ya nani. Faili hilo likiharibika hata kwa alama moja, sudo ya toleo tulilokuwa nalo haikubahatisha. Ilimkataa kila mtu.

Ilikuwa Oktoba, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamejipanga maktaba kuandikishwa, nami nikaingia kwenye seva kwa mbali, kama ilivyokuwa desturi yangu ya asubuhi, kuangalia hali ya diski. Sehemu ya diski iitwayo /var ilikuwa imejaa asilimia 96. Nakala rudufu za kila usiku zilikuwa zimerundikana bila mtu wa kuziondoa, na sehemu hiyo ikijaa kabisa hifadhidata hushindwa kuandika chochote, jambo ambalo lingewasimamisha wanafunzi wote pale dirishani. Niliandika amri ya kuorodhesha nakala hizo, nikaitanguliza kwa sudo kama kawaida. Badala ya kuulizwa nywila, nilijibiwa kwamba kuna kosa la kisarufi katika /etc/sudoers karibu na mstari wa 31, kwamba hakuna chanzo halali cha ruhusa kilichopatikana, na kwamba programu inaacha kazi.

Nilikwenda ofisini kwa Mama.

“Shikamoo Mama. Seva ya maktaba imenikataa.”

“Marahaba. Imekukataa wewe, au imetukataa sote?”

Lilikuwa swali zuri, kwa sababu mtu kuondolewa kwenye orodha ni jambo moja na orodha yenyewe kuharibika ni jambo jingine. Alijaribu kwa akaunti yake, akapata majibu yaleyale. Faili lenyewe hatukuweza hata kulitazama, maana husomwa na root peke yake. Lakini Mama hakuhangaika nalo kwanza, alifungua /var/log/auth.log, faili ambamo amri za sudo huandikwa, ambalo aliweza kulisoma bila sudo kwa kuwa akaunti yake ndiyo iliyoundwa siku ya kusimika mfumo, na akaunti ya namna hiyo huingizwa katika kundi la adm, lenye ruhusa ya kusoma kumbukumbu za mfumo. Alishuka taratibu hadi jana yake jioni, akaweka kidole kwenye skrini. Palikuwa na jina la mwenzangu, saa, na mwishoni amri aliyoitoa: /bin/nano /etc/sudoers, yaani alilifungua faili hilo kwa nano, programu ya kawaida ya kuhariri maandishi.

Mwenzangu alipoitwa hakuzunguka. Alisema mkutubi alikuwa amechoka kutupigia simu kila Koha inapoganda, akaomba aruhusiwe kuiwasha upya mwenyewe. Basi yeye akalifungua faili, akaongeza mstari mmoja, akalihifadhi na kwenda zake nyumbani. Laiti angeliacha wazi lile dirisha la nano! Lilikuwa limekwisha kupewa haki za root, na kosa tungelirekebisha humohumo kwa nusu dakika.

Mimi nilikuwa tayari kwenda kuizima seva na kuiwasha katika hali ya uokoaji, ambayo humfikisha aliyekaa mbele ya mashine kwenye haki za root bila sudo. Ndiyo njia inayofundishwa kila mahali. Mama alikataa katakata. Wanafunzi walikuwa katikati ya kuandikishwa, na isitoshe ufunguo wa chumba cha seva ulikuwa kwa mtunza stoo aliyekuwa ameaga asubuhi kwenda msibani. Akauliza kama pkexec imo. Ilikuwamo.

Hiyo pkexec nayo huendesha amri kwa haki za msimamizi, ila ni ya mfumo mwingine kabisa uitwao polkit, usiolisoma /etc/sudoers hata kidogo. Kwenye Ubuntu hutaka tu nywila ya mtu aliyemo katika kundi la wasimamizi, na sisi watatu tulikuwamo. Jaribio la kwanza lilishindwa: iliomba nywila, Mama akaitoa, kisha ikalalamika kwamba haioni kikao chochote cha kuthibitishia. Hilo lilikuwa likitokea sana mtu anapoingia kwenye seva kwa mbali.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijawahi kukisahau. Mama alifungua madirisha mawili ya amri, yote yameingia kwenye seva ileile kwa jina lake. Katika la kwanza aliandika echo $$, ambayo hutaja namba ya mchakato wa ganda la amri lenyewe, yaani programu inayopokea amri dirishani, akaniambia niinukuu. Niliiandika nyuma ya fomu ya mahudhurio. Katika dirisha la pili aliandika pkttyagent --process na namba ile, ili polkit iulize nywila humo. Dirisha likatulia, likawa halisemi kitu. Akarudi kwenye la kwanza, akaandika pkexec visudo, visudo ikiwa programu maalumu ya kuhariri /etc/sudoers, nalo likakwama. Kumbe swali lilikuwa limetokea upande wa pili: majina yetu matatu yamepangwa kwa namba, achague anathibitisha kwa jina la nani. Alichagua lake, akatoa nywila, na dirisha la kwanza likajaa maandishi ya /etc/sudoers. Mstari wa 31 ulisomeka hivi:

mkutubi ALL=(root /bin/systemctl restart koha-common

Bano la kufunga baada ya root halikuwapo. Ni hilo tu.

Nilidhani angelirekebisha mara moja. Badala yake aliinuka, akamwambia mwenzangu akae, anakili mstari uleule mbovu chini yake, kisha ahifadhi. Alipohifadhi, visudo ilikataa kulipokea faili, ikataja mstari wenye kosa na kuuliza afanye nini: e kurudi kuhariri, x kutoka bila kuhifadhi, au Q ya herufi kubwa kuhifadhi hivyohivyo, na hiyo ya mwisho imewekewa onyo la hatari. Kazi ya visudo ni hiyo, kwa maana huhariri nakala ya pembeni na hailigusi faili la kweli mpaka sarufi yake ikaguliwe, na pia huzuia watu wawili wasilihariri kwa wakati mmoja. Mwenzangu alibonyeza e, akafuta mistari yote miwili, na sudo ikarudi kwetu sote.

Ruhusa ya mkutubi Mama aliiweka katika faili la peke yake, kwa visudo -f /etc/sudoers.d/maktaba. Mwenzangu alikuwa amependekeza liitwe maktaba.conf, Mama akamkatalia, kwa kuwa sudo huyapuuza bila kusema neno mafaili ya folda hiyo yenye nukta katika majina.

Nami nilirudi kwenye nakala zangu rudufu. Folda ile sikuwa na ruhusa ya kuisoma, kwa hiyo kuandika sudo rm, amri ya kufuta, na kinyota cha kumaanisha mafaili yote kusingesaidia: kinyota hutafsiriwa na ganda langu kabla sudo haijaanza, na ganda langu halioni kilichomo. Nilitumia sudo find, amri ya kutafuta mafaili, nikaorodhesha kwanza zilizopita wiki mbili, nikazisoma, ndipo nikazifuta. Ile /var ikashuka hadi asilimia 61.

Mchana nilishuka maktaba kumwonyesha mkutubi amri yake. Alianza kuandika nywila, akasimama.

“Kaka, kibodi haiandiki.”

Nilimwambia inaandika, ila sudo haionyeshi hata vinyota, amalize tu na kubonyeza Enter. Koha ikajiwasha upya, akafurahi, akauliza kama sasa anaweza pia kuizima seva jioni ili kuokoa umeme. Nikamwambia ajaribu aone. Alijaribu, akajibiwa kwamba haruhusiwi kuendesha amri hiyo kwenye mashine hii, tukacheka wote wawili.

Kesho yake asubuhi Mama alikuwa amekwisha soma auth.log kabla sijafika, akaniita mlangoni kwake.

“Nani alimwambia mkutubi ajaribu kuzima seva?”