Siku Moja na Bampa Mbili

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Chai, chapati ya jana, begi la vifaa mgongoni, daladala ya Mbagala. Konda akataka nauli ya begi, tukabishana hadi Mtoni, nikalipa. Saa mbili na nusu nikawa Mbezi Beach getini kwa mteja.

Mimi ni fundi bodi ninayefuata gari nyumbani. Nikisema hivyo naulizwa, "Yaani unatoa bampa tu?" Ndiyo, natoa bampa. Nachomea plastiki iliyopasuka, napeleka kwa mpiga rangi, narudisha bila mwanya wa kupitisha hata kadi ya benki kati yake na fenda. Jaribu wewe.

Gari la leo ni Mitsubishi Outlander PHEV, haibridi ya kuchomeka: injini ya petroli ya lita 2.0, mota mbili za umeme, moja mbele moja nyuma, na betri kubwa ya volti 300 chini ya sakafu. Mbele bodaboda aliliparamia kwenye foleni. Nyuma mzee mwenyewe alikutana na nguzo ya geti lake. Gereji hataki kusikia, maana gari lake la zamani liliwahi kurudi na redio nyingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Umeme unaujua lakini?"

Alikuwa keshavaa glavu za njano za kuoshea vyombo. Na gari liko kwenye chaji, waya wa ekstensheni umetokea dirisha la sebuleni! Nikamwambia kabla ya glavu tuchomoe huo waya. Akanung'unika kwamba betri haijajaa na LUKU ameshanunua.

Nikamwonyesha nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti. Hizo ndizo za umeme mkubwa, hazipiti kwenye bampa na mimi sizigusi. Kwenye bampa kuna volti 12 tu: taa za ukungu na sensa za kuegeshea. Hatari ya haibridi ni ukimya wake. Limewashwa na halisemi, halafu injini inajiwasha yenyewe huku mkono wako uko karibu na feni. Kwa hiyo gari linazimwa, ufunguo unakwenda ndani ya nyumba, mbali, halafu ncha ya hasi ya betri ndogo, ile ya volti 12, inafunguliwa, nasubiri dakika chache ndipo nishike kitu. Nyuma ya bampa ya mbele kuna pia sensa za mifuko ya hewa, hizo hazitaki papara.

Sasa, betri hiyo ndogo kwenye gari hili iko kwenye buti. Nikafungua buti, nikalegeza ncha kwa spana namba 10, nikaifunika kitambaa. Nikasema wazi: mzee, buti libaki hivi hivi. Nikaenda kunawa.

Narudi, buti limefungwa.

"Kuku wangeingia," akasema.

Kufuli la buti linafunguka kwa umeme. Umeme uko kwenye betri. Betri iko ndani ya buti. Mzee alibonyeza kitufe kama mara ishirini, kisha akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyelifunga. Akaleta simu, video ya gari la aina nyingine kabisa, usukani kushoto, jamaa anaongea Kirusi. "Huyu anasema avunje kioo?" Sijui anasema nini, mzee.

Nikalaza siti za nyuma, nikatambaa tumboni, kichwa kwanza, ndani ya gari lililopigwa jua tangu asubuhi. Jasho linaingia machoni. Ndani ya mlango wa buti kuna kifuniko kidogo. Nikakibandua kwa bisibisi bapa niliyoizungushia kitambaa, nikapapasa hadi nikaipata lachi, nikaisukuma. Klak. Buti likanyanyuka na mzee amesimama pale na glavu zake, nyuma yake kuku wawili.

Hapo saa nne na nusu imepita na bampa hata moja sijagusa.

Mbele nilianza na klipu za juu ya sho, ule wavu wa mbele ya gari. Unanyanyua kitovu cha katikati kwa ncha ya bisibisi, ndipo unaivuta nzima. Zikikaushwa na jua zinapasuka kama maganda ya karanga. Zote kwenye kopo la Blue Band. Kisha skrubu za ndani ya madigadi, na hapo nikakuta mwenzangu alishapita: skrubu za mbao, mbili, zimelika vichwa. Dakika arobaini nimelala juu ya boksi, mchanga unanidondokea mdomoni, naondoa skrubu za mlango kwenye gari. Nikabandika tepu ukingoni mwa fenda, nikampa mzee upande wa kulia. "Vuta kuja nje, usivute mbele." Akavuta mbele. Jino moja la bampa likabaki kwenye fenda. Hilo nitalichomea mimi, bure bila shaka.

Wali maharage kwa mama ntilie, sikumbuki saa ngapi.

Ya nyuma ni taa kwanza, halafu skrubu, halafu klipu za chini, na mgongo ambao sasa ulikuwa unaongea. Ilitoka nzima. Nikamkabidhi mzee kibao cha namba cha mbele, nikarudisha ncha ya betri, na safari hii buti nikalifunga mwenyewe.

Bampa zikapanda bajaji, ncha zimechomoza pande zote mbili kama mbawa. Mzee akakataa ziondoke peke yake, akapanda na kuzikumbatia hadi kwa mpiga rangi Tegeta. Tulipatana 80,000, akatoa 60,000, iliyobaki siku ya kufunga.

Usiku, miguu ndani ya beseni la maji, simu ikaita.

"Fundi, naweza kuchaji bila bampa?"

"Unaweza mzee, tundu la chaji liko ubavuni."

Kimya kidogo.

"Na kuku?"