Vinia za meno: kabla ya bei, uliza jino litasagwa kiasi gani

Wengi wanaoingia kliniki Kampala kuulizia vinia hutanguliza maswali mawili: jino moja shilingi ngapi, na zitakuwa nyeupe kiasi gani. Swali la tatu ndilo lenye uzito, na ni nadra kulisikia: utasaga milimita ngapi za jino langu? Jibu lake hueleza maisha ya vinia kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwenye bango.

Vinia ni ganda jembamba linalogandishwa upande wa mbele wa jino. Mara nyingi unene wake ni kati ya milimita 0.3 na 0.7, na kabla halijagandishwa unaweza kulivunja kwa vidole. Nguvu hulijia likishashikana na enameli, tabaka gumu la nje la jino. Asidi ya fosfori ya asilimia 37 ikipakwa kwenye enameli hufungua vitundu vidogo mno, gundi ikaingia humo na kuganda. Chini ya enameli iko dentini, yenye maji na nyuzi za protini. Gundi huishika, lakini mshiko wake huchoka mapema.

Sasa angalia vipimo. Karibu na ufizi, enameli ya jino la mbele ina kama milimita 0.3 hadi 0.5 tu. Katikati inakaribia 0.8, na kwenye ncha inaweza kufika 1 au kuzidi. Mtu akisaga milimita 1 kote, kule juu karibu na ufizi ameshaingia dentini. Hapo ndipo maji baridi yanapoanza kuuma na kingo zinapoanza kuachia. Zile picha za “meno ya Uturuki” zinazozunguka TikTok, jino limesagwa pande zote hadi likabaki dogo na limechongoka, si vinia hata kidogo. Ni maandalizi ya kofia kamili, ile inayofunika jino lote, na jino zima la kijana halina sababu ya kufanyiwa hivyo.

Malighafi zipo za aina nne hivi. Kompositi ni ile ile dawa nyeupe ya kuzibia meno ya mbele: daktari huijenga moja kwa moja mdomoni, mara nyingi kwa siku moja, na pengine bila kusaga chochote. Hunyonya rangi ya chai na hupoteza mng’ao, kwa hiyo inataka kung’arishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, na kwa kawaida hudumu miaka 5 hadi 7 kabla ya kujengwa upya. Kwa aliye chini ya miaka 18 tungeichagua bila kusita, maana kiini cha jino bado ni kikubwa na ufizi haujatulia. Kauri ya kale, feldspathi, hupakwa tabaka kwa tabaka na fundi wa maabara. Hakuna inayoishinda kwa uzuri, lakini ni dhaifu: huhimili takriban megapaskali (kipimo cha nguvu ya kuhimili kuvunjika) 60 hadi 100. Lithiamu disiliketi, ambayo wengi huijua kwa jina la IPS e.max la kampuni ya Ivoclar, hufika 360 hadi 500 na bado hupitisha mwanga vizuri. Kwa watu wengi hili ndilo chaguo letu. Zirkonia ni ngumu kupita zote, na wauzaji husifia ugumu huo bila kumaliza habari: asidi ya hidrofloriki, inayokwaruza kauri ili gundi ishike, haifanyi kazi kwenye zirkonia. Lazima ipulizwe mchanga wa alumina na kupakwa MDP, kemikali inayoishikisha zirkonia na gundi, na hata hivyo kwa ganda jembamba lisilolikumbatia jino pande zote, gundi ndiyo tegemeo lote. Ugumu wa ganda haukusaidii kama ganda lenyewe litakudondokea kwenye sahani. Vinia za kauri zilizogandishwa vizuri juu ya enameli, takriban 9 kati ya 10 bado zipo baada ya miaka 10.

Kuna wagonjwa ambao kwao mambo hubadilika. Watu waliokulia sehemu za Kisoro na Kasese, ambako baadhi ya maji ya kunywa yana floridi nyingi, huwa na madoa meupe kama chaki au ya kahawia. Madoa mepesi yajaribiwe kwanza kwa kung’arishwa kwa dawa au kukwanguliwa kidogo sana juu juu. Si kila doa linahitaji kufunikwa. Yakifunikwa, enameli ya namna hiyo hukataa asidi, na daktari hulazimika kuongeza muda wa kuiacha. Kundi la pili ni waliong’olewa “ebinyo” wakiwa wachanga, yaani uvimbe wa ufizi wa mtoto unaodhaniwa kuwa meno mabaya. Kile kifaa kilichochokonoa ufizi wa mtoto mara nyingi kiligusa pia mbegu ya chonge ya ukubwani, ikaota ikiwa na enameli pungufu au umbo baya, au isiote kabisa. Chonge kama hiyo ipigwe picha ya eksirei kwanza, ijulikane ina enameli kiasi gani. Mara nyingi kompositi au kofia huifaa kuliko vinia.

Wenye tundu lililooza, ufizi unaotoka damu, au wanaosaga meno usingizini wasianze na vinia. Kwanza tatizo hilo litibiwe.

Tukija kwenye mwonekano. Jino la asili halina rangi moja. Shingoni karibu na ufizi lina umanjano kidogo, katikati lina uangavu, na nchani mwanga hupenya hadi unaona ukijivu mwepesi. Uso wake una mistari na mabonde madogo. Ukiweka weupe mmoja kutoka ufizi hadi ncha unapata kigae cha bafuni. Kibao cha rangi cha VITA kina rangi 16, kutoka A1 hadi D4. Herufi ni aina ya rangi, na namba ikipanda rangi inakolea. Rangi za BL1 hadi BL4 ni nyeupe kuliko hizo zote. Kwa mwenye ngozi nyeusi, BL1 huonekana nyeupe zaidi kuliko ilivyo, kwa sababu ya kilicho kando yake. Kipimo rahisi: meno yasiushinde weupe wa macho. Rangi ichaguliwe mwanzoni mwa miadi, karibu na dirisha, bila rangi ya mdomo. Meno yakikaa wazi dakika chache hukauka na kuwa meupe kuliko kawaida, na anayechagua rangi wakati huo amechagua ya uongo.

Kama unataka pia kuyang’arisha kwa dawa meno yanayobaki, fanya hivyo kabla, kisha subiri wiki 2. Dawa huacha oksijeni ndani ya enameli, na oksijeni hiyo huzuia gundi kuganda sawasawa. Vinia yenyewe haing’arishwi kwa dawa hata siku moja. Na jino lililokufa likawa la kijivu lisitegemewe kufichwa na ganda la milimita 0.3: kila ngazi moja ya rangi inahitaji kama milimita 0.2 hadi 0.3 za unene.

Umbo lijaribiwe mdomoni kabla mashine haijagusa jino. Maabara hutengeneza mfano wa nta, daktari akauhamishia mdomoni kwa plastiki ya muda, ukatabasamu na kuongea. Jino la mbele la kati huwa na upana wa kama asilimia 75 hadi 80 ya urefu wake, na lile la pembeni ni fupi kidogo. Sema “fedha”, “fimbo”, “vua”: ncha za juu ziguse mdomo wa chini pale ukavu unapokutana na unyevu. Kisha hesabu kwa sauti kutoka sitini na sita hadi sabini na saba. Ukipiga filimbi kwenye herufi s, meno ni marefu au manene mno. Piga picha, muonyeshe mtu wa nyumbani asiyeogopa kukuambia ukweli. Kusaga nako kufanyike kupitia ule mfano wa plastiki, ili kinachoondolewa kiwe ni kile tu kinachohitajika. Jino lililoingia ndani kidogo huenda lisisagwe kabisa.

Siku ya kugandisha, mate na damu ndio maadui. Mpira wa kutenga meno utumike, au angalau ufizi uzuiwe vizuri. Vinia ya disiliketi hupakwa asidi ya hidrofloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 20, ikaoshwa, ikapakwa saileni, kemikali inayounganisha kauri na gundi, kwa dakika moja. Jino hupakwa asidi ya fosfori kwa sekunde 30. Kwa ganda jembamba, gundi iwe ile inayogandishwa na mwanga peke yake, kwa kuwa zile zinazoganda pia zenyewe hubadilika kuwa za manjano kadiri miaka inavyokwenda. Na ile taa ya bluu: nyingi hutumia betri, jambo la heri umeme ukikatika, lakini betri iliyochoka hutoa mwanga hafifu na gundi ya chini hubaki mbichi. Kliniki makini huipima taa yake.

Vinia ikibanduka, itazame upande wa ndani. Gundi ikibaki kwenye jino na ganda likatoka safi, kauri haikuandaliwa vizuri. Gundi ikitoka na ganda, tatizo lilikuwa upande wa jino: mate, damu, au dentini iliyo wazi. Ncha ikimeguka, shuku mng’ato kwanza. Ufizi ukivimba na kutoka damu kuzunguka vinia mpya, mara nyingi kuna gundi iliyosahauliwa chini yake au ukingo ni mnene. Mstari wa kahawia pembeni ni ufa ambao uchafu umeingia. Ganda lililobanduka likiwa zima, liweke kwenye kikopo kisafi ulipeleke; usilirudishe kwa gundi ya dukani, inaharibu ganda na jino pia.

Rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, haina shida, ni laini. Hatari iko kwenye mfupa wa muchomo (nyama choma), muwa wa kumenya kwa meno, mahindi ya kuchoma yaliyokauka, kufungua soda, na ule mtindo wa kupasua kaveera (mfuko wa plastiki) kwa meno ya mbele. Anayesaga meno usiku avae kinga ya plastiki, kila usiku. Dawa ya meno isiwe ya mkaa. Inakwaruza, hasa kompositi.

Anayekuandaa awe daktari wa meno aliyesajiliwa na UMDPC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la Uganda, mwenye leseni ya mwaka huu. Kuomba kuiona si utovu wa adabu. Anayebandika saluni hana eksirei wala mpira, na hatakuwepo jino likianza kuuma. Na kabla hujalipa salio, omba karatasi yenye aina ya kauri, namba ya rangi, jina la gundi na tarehe, pamoja na nakala ya picha au skani ya meno yako. Ukivunja moja ukiwa Mbarara au Gulu, daktari wa huko ataanzia hapo.