Asubuhi Moshi Ulipolala

Mama ndiye aliyeinusa kwanza. Jua lilikuwa halijachomoza, naye alikuwa uani anaanika nguo alizofua jana yake. Akaniita: "Mwanangu, hii harufu ya nini?"

Nikatoka nikasimama kando yake. Ilikuwa harufu kali ya kukwaruza koo, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na dawa. Juu ya mteremko, ng'ambo ya uzio, trekta la jirani lilikuwa linatembea polepole kwenye shamba lake la nafaka, ile mikono mirefu ya kupulizia dawa imekunjuliwa kulia na kushoto. Nikalowesha kidole kwa mate, nikakiinua. Hakuna upepo. Hata jani halikutikisika.

"Hakuna upepo, Mama. Haiwezi kufika huku."

Alinitazama kidogo, akaendelea kuanika. Maneno yale nimeyabeba miaka yote hii, kwa sababu niliyasema kwa uhakika wa mtu anayejua, na nilikuwa sijui.

Kulikuwa na kitu kingine asubuhi ile, mbele ya macho yangu kabisa. Moshi wa jikoni kwetu haukupanda. Ulitoka dirishani, ukafika kimo cha paa, ukalala. Ukajitandaza kama shuka, ukaanza kuteremka taratibu kuelekea kwenye kijibonde kilicho chini ya bustani. Niliuona nikadhani ni asubuhi tulivu tu. Nikachukua ndoo yangu nikaenda kumwagilia nyanya.

Mchana Mama alikuwa na macho mekundu yanayotoa machozi. Alisema ni vumbi, mimi nikakubali ni vumbi.

Kesho yake vikonyo vya majani ya nyanya vilikuwa vimeinama kama mmea uliokosa maji, ingawa udongo ulikuwa na unyevu. Siku ya tatu mashina yalianza kujipinda yenyewe kwa yenyewe, kama kamba inayosokotwa. Majani machanga yalitoka membamba, marefu, mishipa yake imebanana na kwenda sambamba, hayana sura ya jani la nyanya tena. Nilikuwa na mashina kama 120, mengi yakiwa kwenye maua. Nikafikiri ni ugonjwa wa virusi, kwa sababu kuna virusi vya mozeki vinavyoyafanya majani ya nyanya kuwa kama nyuzi. Nikang'oa mashina 14 yaliyoharibika zaidi, nikayachoma moto ili yasiambukize mengine.

Ni Mama tena aliyenifumbua macho. Alikuwa anachuma maharage, akaniuliza kama ugonjwa wa nyanya unapanda pia kwenye maharage. Nikaenda kuangalia. Maharage yamejikunja. Maboga yamejikunja. Mzabibu uliotambaa kwenye uzio, majani yake yalikuwa kama feni iliyofungwa nusu. Hata magugu ya majani mapana kando ya njia yalikuwa yamepinda shingo. Lakini mistari miwili ya mahindi katikati ya vyote hivyo ilisimama kijani kibichi, na nyasi chini yake hazikuwa na dosari.

Hakuna virusi vinavyochagua hivyo. Mimea ya koo tofauti iugue siku moja, kwa dalili moja, halafu jamii yote ya nyasi isalimike? Hiyo ni kazi ya dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Na nilipotembea bustani nzima nikiangalia wapi pameumia sana, niliona pande mbili: ukingo wa juu ulio karibu na uzio, na kijibonde cha chini kabisa, karibu mita 200 kutoka kwa jirani. Sehemu ya katikati, iliyoinuka kidogo, ilikuwa na nafuu. Kama dawa ingeletwa na upepo wa kawaida, kijibonde kingekuwa salama kuliko pote.

Nikapanda mteremko na hasira zangu.

Jirani yetu alikuwa mtu mzima, umri wa Mama. Nilimwamkia shikamoo bila kumtazama usoni. Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, nami nikamwonyesha tawi la nyanya nililobeba. Alilishika kwa mikono miwili. Akaligeuza. Akanyamaza muda mrefu.

"Kijana wangu," akasema, "mimi niliamka saa kumi usiku kwa ajili yenu. Siku tatu niliacha kupulizia kwa sababu ya upepo. Nikangoja mpaka utulie kabisa."

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Nilikuja na maneno ya kumwambia mtu asiyejali, na huyu alikuwa amejali. Alikosea kwa sababu ileile niliyokosea mimi nilipomjibu Mama.

Aliingia stoo akatoka na dumu. Dawa ilikuwa 2,4-D, ambayo wakulima wameitumia tangu miaka ya 1940. Tukasoma kibandiko pamoja, yeye akiwa na miwani, mimi nikisoma kwa sauti yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyafikia. Yalisema usipulizie upepo ukiwa mkali. Hilo alilijua. Yakasema tena, mistari michache chini, usipulizie hewa inapotulia na tabaka la hewa baridi likiwa limekaa karibu na ardhi. Aliniomba nirudie. Nikarudia.

Yule afisa ugani aliyekuja siku nne baadaye ndiye aliyetufafanulia, na ninamshukuru kwa uvumilivu wake. Usiku wenye anga safi, ardhi hupoteza joto, na hewa inayoigusa hupoa. Juu yake hubaki hewa yenye joto zaidi, kama kifuniko. Hewa haipandi, haichanganyiki. Tone kubwa la dawa huanguka mahali pake. Lakini tone la mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, huchukua kama sekunde 10 kushuka mita 3, na tone la mikroni 20 huchukua zaidi ya dakika 4. Matone madogo namna hiyo yakiwa chini ya kifuniko hicho huelea pamoja kama wingu, hayatawanyiki, kisha hufuata hewa baridi inakoteremka, na hewa baridi hukusanyika mabondeni. Hali hiyo huanza jioni, na asubuhi huweza kuendelea saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza. Kijiupepo kidogo kinachojulikana kinakoelekea, kama kilomita 3 hadi 15 kwa saa, kinachovuma kutoka upande wa bustani yetu kwenda kwa anayepulizia, ni bora kuliko utulivu ule.

Akauliza kama nilihifadhi majani ya siku za mwanzo kwenye mfuko safi wa karatasi, nikayagandisha, nikaandika tarehe, saa na mahali. Nilikuwa nimeyachoma. Dawa huendelea kuvunjika ndani ya mmea kila siku inayopita, na ushahidi wangu ulikuwa majivu. Akauliza tena kama kuna mtu aliyekuwa nje asubuhi ile.

Nikamwangalia Mama. Ilibidi niseme mbele yake kwamba alilalamika harufu nami nikampuuza. Kwamba alipaswa kuingia ndani saa ileile, avue nguo, aoge kwa sabuni, aoshe macho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, na nguo zilizokuwa kwenye kamba zifuliwe upya peke yake. Alikuwa amezivaa siku tatu. Macho yake yalipona, namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapolikumbuka. Lakini alipona bila msaada wangu.

Nyanya zote tuling'oa. Baadhi zilikuwa zinajitahidi kuchipua na kushika matunda, yaliyofinyangika vibaya, na Mama aliona uchungu kuzitupa. Dawa ile haikukusudiwa kwenye nyanya, na hakuna aliyeweza kutuambia ni kiasi gani kimo ndani. Hatukuzila, wala hatukuzitia kwenye mboji. Jirani alitulipa gharama za mbegu na mbolea bila kudaiwa. Sikumdai kazi ya miezi ile.

Alibadilisha nozeli za trekta, vile vichwa vya kutolea dawa, akaweka zinazotoa matone makubwa. Akapunguza presha. Akaishusha mikono ile, iliyokuwa inapita usawa wa kiuno, mpaka nusu mita juu ya mimea. Ukanda ulio jirani na uzio wetu akaacha kuupulizia kabisa, akawa anaupalilia kwa jembe. Na tulikubaliana jambo moja lisilohitaji chombo chochote.

Msimu uliofuata alinipigia simu usiku: kesho anapulizia. Alfajiri nikapanda mteremko mpaka kwenye uzio. Alikuwa ameshafika, amewasha majani mabichi kidogo kwenye debe kuukuu. Moshi ulipanda kimo cha mtu, ukalala, ukaanza kuteremka kwetu. Tuliutazama wote wawili. Akazima trekta, akakaa juu ya jiwe. Tukangoja. Jua lilipanda, kijiupepo kikaja kutoka upande wa bustani yetu, na saa tatu kasoro moshi ukainuka, ukapinda kuelekea kwake, ukatawanyika juu.

"Sasa?" akaniuliza.

Nikageuka kutazama chini nyumbani. Mama alikuwa uani, ameinua uso, ananusa hewa. Kisha akaanza kuanua nguo, moja moja, akaziingiza ndani. Nikamwomba mzee asubiri mpaka mlango ufungwe.