Nepi nne

Mwanangu alikuwa na wiki 5 tulipokwenda kukaa siku 10 kwa wakwe zangu. Kila anayesikia huniuliza habari za barabarani. Barabarani alilala. Kila baada ya saa 2 tulisimama, hata kama hajalia, tukamtoa kwenye kiti chake cha gari akajinyoosha, akanyonya, akacheua. Kiti kile si kitanda. Shingo ya mtoto mchanga bado haina nguvu, na akikaa amejikunja muda mrefu kidevu humwangukia kifuani, hewa ikapita kwa shida. Nilikaa naye nyuma njia nzima, macho yangu kifuani pake.

Kazi ilianza tuliposhuka.

Walikuwepo mama mkwe na baba mkwe, wifi zangu wawili na watoto wao, na shangazi yake mume wangu. Sijawahi kuona mtu akipokelewa kwa furaha kama ile. Kuhusu mabusu hatukupata shida, kwa sababu mume wangu alikuwa ameshawapigia simu wiki moja kabla: asibusiwe usoni wala mikononi, na mwenye kikohozi asubiri kwanza. Waliyasikia kwa mtoto wao wenyewe, wakayapokea. Wifi yangu mdogo alikuwa na kidonda cha mdomoni, na akakaa mbali bila kuambiwa mpaka kikauka kabisa, maana kirusi kile kile ambacho kwa mtu mzima ni usumbufu wa siku chache kinaweza kumuua mtoto mchanga. Nilimshukuru, na bado namshukuru.

Ila kunyonya hatukukuzungumzia.

Kulia ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla ya hapo mtoto huwa ameshageuza kichwa huku na huku, ameshafungua kinywa, ameshaanza kunyonya ngumi. Mimi dalili hizo nazijua. Aliyempakata sebuleni aliona tu mtoto mzuri anayechezesha midomo, akambembeleza, akamwimbia, naye akasinzia kwa kuchoka, si kwa kushiba. Akizinduka yuko mikononi mwa mwingine. Nami niliketi pale pale, maziwa yakinichuruzika, nikiona haya kusema nipeni mwanangu.

Ninacho kidaftari ninachoandika kila anaponyonya na kila nepi iliyoloa. Nyumbani alikuwa akinyonya mara 9 au 10 kwa siku, nepi 7. Siku ya tatu kule: mara 6, nepi 4, na mkojo wenyewe umekolea. Titi langu la kushoto lilikuwa gumu kama jiwe. Usiku ule alilia kuanzia saa 4. Nilimpima joto, 37.1. Nilijua kwamba mtoto wa chini ya miezi 3 akifika 38 hakuna kusubiri asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo, kwa hiyo kipimajoto nilikiweka karibu nikawa nampima tena na tena.

Saa 9 usiku mama mkwe akabisha hodi. Hakuomba kumshika. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

“Mama, leo amekojoa mara 4 tu,” nikamwambia.

“Kwenu anakojoa mara ngapi?”

“Saba.”

Akanyamaza kidogo. “Mbona hukusema, mwanangu?”

“Nilishindwa, mama. Mmempenda sana.”

“Basi nitasema mimi.”

Kulipokucha alihamisha kiti chake akakiweka nje ya mlango wa chumba chetu. Aliyekuja aliambiwa, “Ananyonya kwanza.” Akishashiba na kucheua, mama mkwe mwenyewe alimchukua akampeleka sebuleni, na akianza kugeuza kichwa alimrudisha kabla sijaita. Alikuwa amejifunza zile dalili kwa siku moja. Shangazi alileta mto mdogo alioushona kwa ajili yake. Mama mkwe akaupokea kwa shukrani, akauweka kabatini, akamweleza taratibu kwamba mtoto huyu analala chali, godoro tupu, bila kitu chochote pembeni. Mimi ningeyasema hayo kwa kutetemeka.

Siku ya tano nepi 6. Siku ya sita 8. Titi lililainika kwa kumnyonyesha upande ule kwanza na kulikanda kwa wepesi.

Ukiwa unajiandaa kwenda, mwombe mwenzako awaeleze watu wake mapema, na asiishie kwenye mabusu kama sisi. Aseme pia kwamba mtoto akianza kutafuta titi, anarudishwa kwa mama yake, hata kama hajalia.

Tutarudi akifikisha miezi 4. Mama mkwe ameshapiga simu kuuliza: siku hizi ananyonya mara ngapi?